Si kila faranga iliyopita kwenye simu ni mauzo

Kuna swali ambalo wafanyabiashara wa Kizuka wameanza kuniuliza mimi mwalimu wa hesabu badala ya kumwuliza mtu wa kodi, kwa kuwa mtu wa kodi wanamwogopa. Swali lenyewe ni hili: "Mwalimu, hivi hii simu inanisemea?" Maana yao ni kwamba mteja anapomlipa mama wa mawese kwa Lumicash au kwa EcoCash, je, habari hiyo inaweza kufika OBR? Na ikifika, itasomwaje?

Nimeona nijibu hadharani, maana jibu linalotolewa pembeni ya duka hugeuka uvumi kabla jua halijazama. Nawaandikia watu wa aina mbili ninaowafahamu vizuri: ndugu zangu tuliorudi kutoka Tanzania, na wachuuzi wanaovuka Mugina kwenda Manyovu na Kigoma au wanaopanda boti kwenda ng'ambo ya Kongo. Mara nyingi ni watu haohao. Mimi mwenyewe nilizaliwa Ulyankulu, nikasoma huko kuanzia darasa la kwanza, nikarudi na wazazi mwaka 2008 katika ule msafara mkubwa wa watu wa 1972. Kwa hiyo sizungumzi kama mtaalamu wa Bujumbura. Nazungumza kama mtu anayesomeshwa risiti za wenzake karibu kila wiki.

Tuanze na namna mambo yanavyokwenda. Noti ikitoka mkononi mwa mteja kuingia mkobani mwa muuzaji haiachi alama yoyote. Pesa ya simu huacha alama kila inapopita: nani ametuma, nani amepokea, kiasi gani, siku gani, saa ngapi na dakika ngapi. Alama hizo hukaa katika kompyuta za kampuni, na hukaa kwa miaka. Tena ikumbukwe kwamba karibu kila nchi ina sheria inayomruhusu ofisa wa kodi kumwomba mtu wa tatu kumbukumbu za mlipakodi anayemchunguza. Hilo si jambo jipya. Hata kabla ya simu, ofisa aliweza kwenda benki kuuliza akaunti ya tajiri fulani. Jambo jipya ni kwamba sasa inawezekana kuchukua kumbukumbu za watu wote kwa mkupuo, wadogo kwa wakubwa, na kuiachia mashine ijumlishe.

Wenzetu wa mbali wamekwisha kuingia katika utaratibu huo. Marekani, tangu mwaka 2011, kampuni zinazopokea malipo kwa niaba ya wafanyabiashara hujaza fomu inayoitwa 1099-K na kuipeleka idara ya kodi. Mwanzoni waliohusika ni wale waliozidisha dola 20,000 na miamala 200 kwa mwaka kwenye majukwaa ya mtandaoni. Mwaka 2021 Bunge lao likashusha kiwango hadi dola 600. Kelele zikawa nyingi, idara yenyewe ikaahirisha mara kadhaa, na mwaka 2025 sheria mpya ikakirudisha kiwango kile cha zamani. Umoja wa Ulaya nao ulianza Januari 2023: jukwaa la mtandaoni linataja jina la muuzaji yeyote aliyefikisha mauzo 30 au kupitisha euro 2,000 kwa mwaka. Uingereza ikafuata mwaka 2024, na China mwaka 2025. Kwa hiyo anayesema kwamba mambo haya hayatafika mwambao wetu anajidanganya. Yatafika, na yatakuja yamebebwa na simu ileile tunayoisifu kwa kutuondolea hatari ya kusafiri na noti kiunoni.

Lakini mfano unaotufaa zaidi hautoki kwa matajiri. Unatoka India. Mwezi Julai 2025 idara ya kodi za biashara ya jimbo la Karnataka, ambalo mji wake mkuu ni Bengaluru, ilipeleka barua kwa maelfu ya wafanyabiashara wadogo: wauza chai, mikate, maziwa na mboga. Idara ilikuwa imechukua kutoka kwa kampuni za malipo takwimu za mfumo wa UPI, ambao kwao ni kama Lumicash ilivyo kwetu, kuanzia mwaka wa fedha wa 2021-22. Ikajumlisha kilichoingia kwa kila mtu, ikaangalia nani amevuka rupia milioni 4 kwa mwaka kwa bidhaa, au milioni 2 kwa huduma, ambao ndio mpaka wa kujiandikisha kwa kodi yao ya bidhaa na huduma, kisha ikaanza kudai. Muuza mboga mmoja wa wilaya ya Haveri alidaiwa rupia milioni 2.9, kwa sababu katika miaka minne simu yake ilikuwa imepokea rupia milioni 16.3. Mboga mbichi, kwa sheria yao wenyewe, hazitozwi kodi hiyo hata kidogo!

Kilichofuata hakihitaji mtabiri. Wachuuzi walibandua karatasi za kulipia kwa simu ukutani, wakabandika nyingine zinazosema wanapokea fedha taslimu tu. Mwezi huohuo serikali ya jimbo ikarudi nyuma: waziri mkuu wa jimbo akatangaza kwamba madai ya nyuma hayatakusanywa kwa watakaojiandikisha, na kwamba wanaouza bidhaa zisizo na kodi wataondolewa madai. Angalieni jambo moja hapo. Mashine haikukosea kujumlisha. Kama mwalimu wa hesabu ningeipa alama zote kwa kujumlisha. Kosa lilikuwa kuiita jumla ile mauzo.

Hapo ndipo penye mzizi wa fitina, na ndipo Kizuka inapoingia.

Hebu tufungue simu ya mama mmoja wa hapa kwetu, ambaye sitamtaja, maana wako wengi wa namna yake. Mnunuzi wa Bujumbura anamtumia faranga milioni mbili ili amkusanyie ndagala. Yeye hana ndagala za milioni mbili. Anazigawa zile fedha kwa wanawake wanane wanaoanika mchangani, anamlipa mwenye pikipiki, anamlipa wa magunia, anabaki na faida ya kununulia unga na sabuni. Kwenye kompyuta ya kampuni amepokea milioni mbili. Akifanya hivyo mara tatu kwa mwezi, mashine itamwona ni tajiri wa faranga milioni 72 kwa mwaka, na yeye mwenyewe bado anadaiwa ada ya mtoto.

Ijumaa simu hiyohiyo inapokea upatu. Wanawake kumi na wawili wanamtumia mweka hazina, naye anamtumia aliyefikiwa na zamu. Ni fedha zilizozunguka duara na kurudi kwa wenyewe, hakuna kilichouzwa. Akifa mtu mtaani, michango ya matanga hupitia kwa yule mwenye simu isiyozimika, na mara nyingi huyo ni mwenye duka. Shemeji asiye na laini anaomba atumiwe fedha kwa namba ya jirani. Mtoto anayefanya kibarua Kigoma anatuma cha kununulia mabati. Na sisi wa 1972 tuna jambo la ziada. Ndugu zetu zaidi ya 160,000 walichagua kubaki na kupewa uraia wa Tanzania, wako Ulyankulu, Katumba na Mishamo mpaka leo. Wengine walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2007. Familia ikigawanyika hivyo, fedha hazitulii. Shangazi wa Katumba anachangia mahari ya huku, sisi tunachangia hospitali ya kule. Nani atamweleza ofisa kwamba hiyo ni damu inazungumza na damu, haina ankara?

Wakala naye yuko katika hali mbaya kuliko wote. Kazi yake ni kupokea na kutoa. Kutwa nzima mamilioni yanapita mikononi mwake, na chake ni kamisheni tu. Mtu asiyeijua kazi hiyo akiangalia kilichoingia peke yake, atadhani kibanda cha bati kando ya barabara ya Nyanza-Lac kinauza kuliko duka la jumla la Rumonge mjini.

Kuna tatizo jingine ambalo wataalamu wanaotunga mifumo hii hawawezi kulifikiria, kwa sababu hawakurudi na mkeka kichwani. Wengi wetu tulipofika hatukuwa na karangamuntu. Aliyekuwa na haraka ya laini alimwomba jirani au baba mdogo amsajilie. Hadi leo nawajua watu wenye biashara nzuri ambao laini zao zina majina ya watu wengine, wengine wamekwisha kufariki, wengine walikimbia tena mwaka 2015. Siku mashine itakapojumlisha, mauzo ya duka la mtu yataandikwa kwa mzee wa kilimani anayelima mihogo. Mzee atapokea barua ya madai asiyoielewa, tena kwa Kifaransa, na mwenye duka hatapokea kitu. Wote wawili watakuwa wameumia: mmoja kwa kudaiwa kisicho chake, mwingine kwa kukosa ushahidi wa kilicho chake siku atakapouhitaji.

Najua kuna watakaosema dawa ni rahisi: turudi kwenye noti. Nawasikia kila siku. Jirani zetu walifanya hivyo. Tarehe 15 Julai 2021 Tanzania ilipoanza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, watu walianza kukwepa simu, na serikali ikalazimika kuipunguza kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo, kisha ikapunguza tena mwaka 2022. Uganda nayo ilianza Julai 2018 kwa asilimia 1 kwenye kuweka, kutuma na kutoa, na kabla mwaka haujaisha ikabaki asilimia 0.5 ya kutoa peke yake. Hizo zilikuwa tozo, hazikuwa habari za wafanyabiashara kupelekwa ofisi ya kodi, lakini zinaonyesha jinsi mchuuzi anavyotembea kwa miguu yake akiona amebanwa.

Hata hivyo mimi sikubaliani na wanaotaka kurudi kwenye noti, na nitasema kwa nini.

Kwanza, tumesahau upesi mno mwezi Juni 2023. Benki Kuu yetu ilitangaza kwamba noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 zinaondolewa, na ikatoa siku kumi tu za kuzirudisha. Mnakumbuka foleni. Mnakumbuka waliokuwa na fedha ndani ya godoro, na waliokuwa safarini Kigoma na noti zao mfukoni. Mwenye fedha kwenye simu alilala usingizi. (Na hapa nitie neno: katika siku zile kumi, mwenye akaunti aliombwa na majirani awawekee noti zao. Mafungu hayo yako kwenye kumbukumbu zake hadi leo kama fedha zilizoingia. Mashine itayaita nini?)

Pili, mtu asiye na kumbukumbu hana mdomo mbele ya ofisa. Ofisa akija, ataangalia rafu, atahesabu magunia, atakadiria. Makadirio hayo mnajua huwa yanaelekea upande gani. Mwenye rekodi ya simu anaweza kusema: bwana mkubwa, angalia miezi hii, biashara ilikufa. Mwaka 2024 Tanzania ilipofunga uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, wachuuzi wa dagaa walioitegemea Kigoma walikaa miezi mitatu mikono mitupu. Ofisa anayekuja Septemba, msimu umechangamka, akazidisha anachokiona mara kumi na mbili, atatoza hewa. Rekodi ndiyo ingeonyesha ile miezi mitatu ya njaa.

Tatu, na hili nalisema nikijua baadhi yenu mtaninunia: kodi lazima ilipwe. Mshahara wangu unatoka hukohuko. Madawati ambayo watoto wenu wanakosa yanatoka hukohuko. Siwezi kusimama darasani asubuhi nikilalamika kwamba vitabu havitoshi, kisha jioni nikawafundisha watu jinsi ya kuficha mauzo. OBR ilianzishwa mwaka 2009, mwaka uleule kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ilipoanza kwetu, na tangu hapo nchi imejaribu kuishi zaidi kwa mapato yake yenyewe. Mwenye duka kubwa linalopokea malipo ya simu mchana kutwa huku akiandika vitabu vya uongo, simtetei. Habari zake zikifika, zifike.

Ninachokitetea ni yule mama wa ndagala.

Kenya, ambako M-Pesa ilizaliwa mwaka 2007, wanabishana juu ya jambo hilihili, na ubishi wao unafaa kufuatiliwa. Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulitaka ofisi ya mapato, KRA, isibanwe na sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 pale inapotafuta habari za kodi. Muswada ule wote uliondolewa na Rais Ruto tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya vijana kuingia bungeni. Mwaka 2025 wakarudi kwa mlango mwingine: wakataka kufuta kifungu kinachoizuia KRA kuwalazimisha wenye biashara kuunganisha mifumo yao kwa namna itakayotoa siri za biashara na taarifa binafsi za wateja wao. Kamati ya Fedha ya Bunge ikakataa. Sisemi kwamba Wakenya wamemaliza, maana kila mwezi wa Juni huleta muswada wake. Ninachowasifu ni kwamba swali liliulizwa bungeni kwa sauti, kila mtu akasikia, badala ya kupitishwa kama barua ya ndani kati ya ofisi na kampuni. Tanzania nayo ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2022, Rwanda tangu 2021, Uganda tangu 2019. Mchuuzi wetu mwenye laini ya Kigoma katika tundu la pili la simu yake anahusika na hayo, atake asitake.

Na kwa kuwa nimemgusa mchuuzi wa mpakani, kuna jambo moja linachanganywa sana pale Mugina. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, kinakuondolea ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Hakikuondolei kodi za ndani ya nchi. Mtu akikuambia kwamba ukiwa na kile cheti basi fedha zote za mzigo huo hazina swali tena, amekupoteza. Kitunze hata hivyo pamoja na ujumbe wa malipo, kwa sababu vikiwekwa pamoja vinaonyesha kwamba milioni iliyotoka kwenye simu yako ilikwenda kununua mzigo gani, na kwamba ile iliyorudi haikuwa faida tupu.

Niseme pia juu ya woga wenyewe. Wageni hutushangaa kwa nini watu wa mwambao huu, kuanzia Rumonge mpaka Nyanza-Lac, hawapendi kuandikwa. Mwaka 1972 watu walichukuliwa majumbani, mashuleni na makazini kwa majina yaliyokuwa yamekwisha kuandikwa. Waliobaki walivuka ziwa na mito. Baba yangu aliishi makazini Ulyankulu zaidi ya miaka thelathini, na kila alipoona mtu mwenye karatasi na kalamu aliuliza kwanza, "Hiyo ni ya nini?" Silinganishi ofisi ya kodi na mambo hayo, la hasha. Nasema tu kwamba mtu aliyelelewa na swali hilo anastahili kujibiwa. Ukimwambia wazi unachoandika, kwa nini, na nani atakisoma, atakupa jina lake na la babu yake. Ukimwandika kimyakimya, hata kama nia yako ni njema, utamkuta siku ya pili amevunja laini.

Kwa mtazamo wangu, basi, jambo la kwanza ni nakala. Marekani, ile fomu ya 1099-K inakwenda sehemu mbili: idara ya kodi, na mlipakodi mwenyewe. Ulaya, jukwaa linalazimika kumpa muuzaji habari zilezile lililomsemea. Mtu anaisoma, anaona kosa, analalamika. Hapa kwetu, kabla namba yoyote haijatoka kwenye kampuni ya simu kwenda OBR, mwenye namba apewe kwanza maelezo ya mwaka mzima, naye apewe muda wa kutosha, tuseme siku 60, wa kuonyesha kipi ni mauzo na kipi ni upatu, mkopo, matanga au fedha za watu. Kinachobaki ndicho kiende. Na mzigo wa kuthibitisha usiwe wote juu ya mama asiyejua Kifaransa.

Halafu namba za biashara zitenganishwe na namba za watu. Anayefungua namba ya kupokelea malipo ya duka ajue tangu siku ya kwanza kwamba hiyo inasomwa. Simu ya nyumbani ibaki simu ya nyumbani, mpaka ofisa awe na sababu ya kumchunguza mtu huyo kwa jina, kwa barua.

Kuhusu kiwango cha kuanzia, nina wasiwasi mkubwa. Kiwango kikiwekwa kwa faranga na kuachwa hapo, kitatuangukia bila sisi kuongeza hata gunia moja. Mwezi Mei 2023 dola ya Benki Kuu iliruka kutoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa mara moja, na sokoni ilikuwa juu zaidi ya hapo. Mwenye kuuza khanga kumi kabla na kumi baada anaonekana amekua. Amekua kwa karatasi. Kiwango kipitiwe kila mwaka wakati wa bajeti, kwa sheria, wala kisiachwe kwa hisani ya mtu. Na kwa anayelipwa kwa shilingi ya Tanzania, itamkwe mapema ni bei ipi ya kubadilishia itakayotumika, ya Benki Kuu au ya Mugina, maana tofauti ya hizo mbili inaweza kula faida yote ya safari.

Usajili wa laini nao urekebishwe bila kuadhibu. Itolewe miezi kadhaa ambamo mtu anaweza kwenda na karangamuntu yake pamoja na yule aliyemsajilia, au na ndugu wa marehemu, laini ikahamishiwa kwa jina lake bila faini na bila maswali ya polisi. Hilo lifanyike kabla ya jambo jingine lolote. Kupeleka takwimu juu ya majina yasiyo sahihi ni kupanga mtihani wa darasa zima kwa kutumia madaftari yaliyochanganywa.

Wakati tukisubiri wakubwa waamue, na sisi tusikae tu. Mwenye uwezo atumie laini mbili, ya duka na ya familia, hata kama simu ni moja. Asiyekuwa na namba ya mlipakodi, ile tunayoiita NIF, na biashara yake imekua, aende akaichukue mwenyewe kabla hajafuatwa. Wakala atunze karatasi zinazoonyesha kamisheni yake, kwa kuwa hicho ndicho kipato chake. Na kila mtu awe na daftari. Lile la kurasa 96 linatosha mwaka kwa biashara nyingi za hapa. Piga safu nne: tarehe, namba iliyotuma, kiasi, na ya nini. Safu tatu za kwanza kampuni inazo tayari. Ya nne haimo kwenye kompyuta yoyote, na bila hiyo hakuna atakayekuamini kwamba zile laki tano za mwezi wa tatu zilikuwa jeneza la mjomba. Andika siku ileile, maana baada ya wiki mbili hukumbuki. Mwenye kutaka nimpigie mistari ya ukurasa wa kwanza aje shuleni Jumatano mchana baada ya masomo, aje na daftari lake na rula.